Makeshia wangu wanachangiana kufidia shoti: niripoti au ninyamaze?

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 34, na miezi minne iliyopita niliteuliwa kuwa meneja wa tawi la benki palepale nilipokuwa afisa mikopo kwa miaka sita. Wiki iliyopita nimegundua kuwa makeshia wangu watatu wana mfuko wa siri. Kila mwezi wanachanga, na mmoja akipata shoti, yaani fedha ya droo ikipungua kuliko hesabu, wanaifidia jioni kabla ya kufunga, hesabu zinabalansi, na hakuna anayejua. Wamefanya hivyo zaidi ya mwaka, tangu enzi za meneja aliyepita, ambaye kila aliyepungukiwa alimwandikia barua na kumsema mbele ya wenzake. Mkuu wa makeshia ni mzee wa miaka 57, namwamkia kila asubuhi. Alijua, akanyamaza. Nikiripoti ofisi ya kanda iliyo juu yetu nitaonekana nimewauza watu niliokula nao miaka yote hii. Nikinyamaza, usingizi hauji. Na wakati huohuo kanda wananipigia kila siku kuhusu tageti ya akaunti mpya. Niwe mkali au niwe mpole? (Meneja wa tawi, Nyanda za Juu Kusini)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na lile lisiloweza kusubiri. Ripoti, tena kesho, na kwa maandishi.

Tangu siku ulipojua, jambo hili limebadilika sura. Wiki iliyopita lilikuwa la makeshia watatu na mzee mmoja. Leo lina mtu wa tano, naye ndiye mwenye cheo kikubwa kuliko wote. Mkaguzi akija, na siku moja atakuja, swali lake la kwanza halitakuwa "walifanya nini?" Atauliza, "Meneja alijua lini?" Kila siku unayoongeza kati ya kujua na kuripoti itakuwa ngumu kuieleza kuliko iliyotangulia, na hutakuwa na la kusema zaidi ya huruma. Huruma yako naielewa vizuri. Lakini ukinyamaza utakuwa umeingia kwenye ule mfuko, hata kama hujatoa shilingi.

Sasa fuata mpangilio huu, kwa sababu mpangilio ndio unaowaponza mameneja wengi wapya. Wanaanza kwa kuita kikao, wanalia na watu, halafu ndipo wanahesabu fedha. Wewe geuza. Alfajiri mpigie simu mkuu wa udhibiti au ukaguzi wa ndani, umweleze kwa dakika tano na umuulize kama anatuma mtu au uhesabu mwenyewe. Akikuruhusu, hesabu kabla ya madirisha kufunguliwa: droo zote na kasiki, kwa wakati mmoja, watu wawili kila sehemu. Nasisitiza kwa wakati mmoja. Ukihesabu dirisha la kwanza halafu la pili, mabunda yana miguu. Nimewahi kukuta bunda la noti za elfu kumi, milioni moja kamili, likiwa na alama ya kalamu nyekundu pembeni kwenye droo ya kwanza, na dakika kumi baadaye nikalikuta bunda lilelile, na alama ileile, kwenye droo ya tatu. Aliyenifundisha kutazama alama za kalamu kwenye mabunda nitamshukuru hadi kaburini.

Ukishamaliza kuhesabu, waite wale watatu na mzee, waambie wenyewe kwa mdomo wako: nimejua kuhusu mfuko, na leo naripoti, nilitaka mlisikie kutoka kwangu kwanza. Hapo ndipo utakapokuwa hujawauza. Kumuuza mtu ni kumsema asipokuwepo halafu ukamchekea akija. Usiwaahidi kwamba hakuna atakayefukuzwa, maana hilo haliko mikononi mwako. Unachoweza kuwaahidi ni kwamba yeyote atakayeandika kwa mkono wake mwenyewe shoti zote anazozikumbuka, tarehe na kiasi, utaliandika hilo kwenye ripoti yako kwa niaba yake. Kisha tuma barua kabla ya adhuhuri. Iwe fupi: ulichokiona, lini, nani wanahusika, umechukua hatua gani. Usiandike neno "wizi", kwa sababu hujui kama upo. Usiandike pia "jambo dogo", kwa sababu hilo nalo hulijui.

Na hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Watu wengi wakisikia habari ya mfuko huu watasema ni umoja, ni kusaidiana, Waswahili tunafichiana aibu. Ni kweli, na hao watatu huenda wana mioyo mizuri. Lakini angalia mfuko unafanya nini. Shoti ina sababu nyingi: noti mbili zilizoshikana, tarakimu zilizopinduliwa, mteja aliyepewa zaidi akaondoka zake, na mara mojamoja mkono wa keshia mwenyewe. Zikiandikwa, zinatofautiana. Zikilipwa kimyakimya kutoka kwenye mfuko, zote zinafanana. Kama mmoja kati ya watatu hao anachukua, basi wawili waaminifu wamekuwa wakimlipia kwa mwaka mzima bila kujua. Sisemi anachukua. Nasema mfuko umekunyima njia ya kujua, na umewanyima wao pia njia ya kuonekana wasafi. Siku likizuka kubwa, wote watatu watatazamwa kwa jicho moja.

Mimi naujua mfuko huo kwa ndani. Nilianza dirishani mwaka 1995, nina miaka 23, katika benki ambayo sitaitaja. Mwisho wa mwezi, siku ya mishahara ya walimu, foleni imetoka nje hadi kwenye mti. Jioni nikahesabu, nimepungukiwa. Nikahesabu tena, jasho likinitiririka mgongoni, kiasi ni kilekile. Bosi wetu wa wakati huo alinisimamisha nyuma ya kaunta wenzangu wote wakiwa wamekaa, akauliza kwa sauti, "Nani mwingine humu ana mikono inayovuja?" Nililipa. Kesho yake nikaja kazini na fedha zangu ndani ya soksi, ili ikitokea tena nifidie kabla hajajua. Kwa keshia kuingia dirishani na fedha zake binafsi ni kosa, nawe unalijua hilo. Kwa hiyo nilikuwa navunja kanuni moja kila siku ili nisije nikaumbuliwa kwa kosa ambalo pengine lisingetokea kwa miezi mitatu. Na sikuwa peke yangu. Nilikuja kujua baadaye kwamba soksi zetu wote pale zilikuwa na fedha.

Mwaka uliofuata akaja bosi mwingine, mama mmoja wa makamo, mpole wa sauti lakini hakuna aliyethubutu kumchezea. Nikapata shoti ya shilingi 27,000, zaidi ya nusu ya mshahara wangu. Soksini sikuwa na kiasi hicho. Nilimfuata ofisini nikitetemeka. Alivua viatu, akavuta kiti hadi dirishani kwangu, akasema, "Lete vocha. Tuanze ya kwanza." Kabla hatujafungua hata moja aliandika 27,000 kwenye karatasi, akaigawanya kwa tisa, ikatoka bila baki. "Tafuta tarakimu zilizopinduka," akaniambia. Saa moja na dakika ishirini usiku tukaipata: mteja alileta 25,000, vocha yake inasema 25,000, mimi kwenye kitabu changu nimeandika 52,000. Tofauti ni 27,000. Hapakuwa na fedha iliyopotea hata senti.

Hesabu ile wafundishe makeshia wako wote wiki hii, maana wapo wanaofanya kazi miaka mitano bila kuambiwa. Shoti inayogawanyika kwa tisa, anza na tarakimu zilizopinduliwa. Ikiwa 9,000 kamili, fikiria pia noti ya elfu kumi iliyotolewa mahali pa elfu moja. Na tofauti ya namba shufwa, igawe kwa mbili utafute muamala wa kiasi hicho: mteja aliweka 200,000 ikaingizwa kama ametoa, droo itaonyesha ziada ya 400,000. Keshia akiwa na zana hizi, shoti inakuwa fumbo la kutatuliwa, na mtu mwenye fumbo huomba msaada.

Mwaka huohuo wa 1995 niliokuwa na fedha kwenye soksi, benki ya Barings ya London, iliyoanzishwa mwaka 1762, ilianguka. Magazeti yaliandika kuhusu Nick Leeson, mfanyakazi wake wa miaka 28 aliyekuwa Singapore, na hasara ya pauni milioni 827. Mimi wakati ule niliisoma kama habari ya kamari za Wazungu. Miaka mingi baadaye ndipo nilipofahamu ilivyoanza. Kwa maelezo yake mwenyewe, mwaka 1992 mfanyakazi mgeni kabisa kazini aliuza mikataba 20 badala ya kuinunua. Hasara ilikuwa kama pauni 20,000. Badala ya kuipeleka mbele, Leeson aliifukia kwenye akaunti ya makosa yenye namba 88888. Akaunti hiyo ilipokuwa imezoea kufukia makosa ya wengine, ikaanza kufukia ya kwake. Yeye ndiye aliyekuwa akifanya biashara na yeye ndiye aliyesimamia uhakiki wake, jambo ambalo wakaguzi wa ndani walilitaja katika ripoti yao ya mwaka 1994 na bado halikurekebishwa. Mwishowe ING ya Uholanzi ilinunua benki ile ya miaka 233 kwa pauni moja.

Sikutishi kwa habari ya Singapore. Tawi lako haliwezi kupoteza kiasi hicho hata likitaka. Nakuonyesha tu kwamba ile 88888 nayo ilianza kama kosa dogo la mgeni, na mtu aliyeona ni afadhali kulisitiri.

Sasa swali lako: mkali au mpole? Kwa shoti iliyosemwa, kuwa mpole kiasi cha watu kushangaa. Kwa shoti iliyofichwa, kuwa mkali hata ikiwa ni elfu tano. Na tofauti hiyo wapewe mapema, kwa maneno ambayo hata mlinzi atayaelewa: keshia akisema kabla ya kufunga hesabu, hakuna kelele, hakuna kusimamishwa mbele za watu, tunakaa na vocha pamoja. Akificha, utaratibu wa nidhamu unaanza siku hiyohiyo. Meneja aliyekutangulia alifanya kinyume. Aliyesema aliumizwa, aliyeficha alilala salama. Makeshia wako ni watu wazima wenye akili, walipiga hesabu, wakafanya kilichowalinda. Ukibadilisha tu sura ya meneja bila kubadilisha hesabu hiyo, watafungua mfuko mwingine, safari hii kwa kufichana zaidi.

Na fedha yenyewe ya shoti je, nani analipa? Matawi mengi nchini yana desturi ya "lipa kabla hujaenda nyumbani". Desturi hiyo ndiyo mama wa mifuko yote ya siri, na haina msingi wa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayetaka kufidia hasara kutoka kwenye mshahara awe na ridhaa ya maandishi ya mfanyakazi, na zaidi ya hapo hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi huyo, aelezwe kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa, apewe nafasi ya kupinga, kiasi kisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Soma na sera ya benki yako, halafu wasomee makeshia wako. Utaona nyuso zikibadilika. Keshia anayejua kwamba shoti ya laki tatu haitamla mshahara wote wa mwezi hana sababu ya kukimbilia kwa wakopeshaji wa kausha damu saa kumi na mbili jioni. Na kama yumo ambaye tayari ameshaingia huko, mwulize faraghani, kwa upole, kabla mwenye deni hajaja kumngoja getini. Keshia mwenye kausha damu mgongoni anahitaji kusaidiwa, na wakati anasaidiwa ahamishwe dirishani kwa muda. Yote mawili kwa pamoja.

Anzisha rejesta ya shoti na ziada kama haipo, au ifufue kama imelala. Tarehe, saa, dirisha, jina, kiasi, sababu iliyopatikana. Usiisome kwa jina peke yake. Tawi moja nililosimamia, shoti zilikuwa zikirundikana tarehe 24 na 25, kati ya saa saba na saa tisa mchana. Kwa majina, aliyeonekana mbaya alikuwa binti mmoja mchapakazi kuliko wote. Kwa saa, picha ikawa nyingine. Wenzake walipokwenda kula au kuswali, yeye ndiye aliyeombwa kushika madirisha yao, na badala ya kufunga droo ya mwenzake na kufungua ya kwake, foleni ilipokuwa ndefu walikuwa wanatumia droo moja watu wawili. Tulipiga marufuku droo ya pamoja, tukaongeza mtu mmoja wa siku za mishahara kutoka dawati la huduma. Shoti zile zikaisha. Kama tungetumia barua, binti yule tungemfukuza, na nafasi yake angeingia mwingine wa kuibeba lawama ileile.

Kuhusu mzee wako.

Endelea kumwamkia. Nakuambia hivi kwa sababu nimeona mameneja vijana, hasa wanawake, wanaoambiwa kwamba shikamoo inapunguza mamlaka, kwa hiyo siku wanapopata cheo wanaanza kumwita mzee wa watu kwa jina lake kavu, tena mbele ya mabinti wa dirishani. Hakuna anayewaogopa zaidi kwa hilo. Tawi zima linaona tu mtu aliyekosa adabu. Shikamoo ni ya umri wake, saini ni ya cheo chako, na zote zinaweza kuishi katika asubuhi moja.

Lakini mazungumzo lazima yafanyike, na uyafanye mwenyewe. Usimtume mtu. Nyumbani tunazoea kumpitia mtu wa tatu tunapokuwa na neno kwa mkubwa, na huko kuna hekima yake. Kazini, ujumbe wa kutumwa unafika umeongezwa chumvi, na mzee atajua umeogopa. Mwite ofisini, funga mlango, toka nyuma ya meza ukae naye kwenye viti vya wageni. Mwambie: "Mzee wangu, heshima yangu kwako iko palepale. Leo nazungumza la kazi." Halafu muulize swali moja tu, kwa nini hukuniambia, na unyamaze. Kunyamaza huko ndiko kugumu. Usimjazie maneno. Ninavyowafahamu wazee wa kaunta, huenda akasema alikuwa akiwalinda watoto, au kwamba meneja aliyepita angewamaliza, au kwamba amebakiza miaka mitatu astaafu na hakutaka makuu. Yote yanaweza kuwa kweli. Na bado ni yeye aliyekuwa akisaini kila jioni kwamba madirisha yamebalansi, akijua yamebalansi kwa mfuko. Mwambie hilo wazi, bila kupandisha sauti.

Hatima yake usiiamue wewe. Wala ya wale watatu. Umekula nao miaka sita, na hata ukihukumu kwa haki, nusu ya tawi watasema umewapendelea, na nusu nyingine watasema umejitakasa kwa migongo yao. Omba kanda iteue mtu wa nje kuongoza shauri. Kazi yako ni kuhakikisha wanapewa mashtaka kwa maandishi, wanapata muda wa kujiandaa, ambao kwa kanuni zetu za utendaji bora kwa kawaida haupungui saa 48, na wanajua wana haki ya kuja na mwenzao au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Nenda hapo ukaseme ulichokiona, pamoja na ukweli kuhusu mazingira yaliyouzaa mfuko. Ukweli huo ni sehemu ya ushahidi, na meneja wa kanda anayetaka mtu mmoja afukuzwe ili wengine waogope anapaswa kuusikia kutoka kwako. Akimfukuza mmoja bila kugusa chanzo, wengine wataogopa kweli, na mtu mwenye hofu ndiye aliyeanzisha mfuko.

Halafu, mwanangu, mzee huyo alienda likizo lini mara ya mwisho? Likizo nzima, isiyo ya siku tatu tatu. Sheria inampa siku 28 kwa mwaka. Katika benki, mtu anayeshika funguo anapaswa kukaa nje ya mfumo angalau wiki mbili mfululizo, mwingine ashike kiti chake. Wengi wanaokataa likizo ni watu wanaopenda kazi. Wachache wana kitu ambacho kingeonekana wasipokuwepo. Ukilifanya likizo kuwa sheria kwa wote, ukianza na wewe mwenyewe, hutalazimika kumshuku mtu yeyote.

Kwa wale uliokuwa nao sawa hadi juzi, nina ushauri mfupi. Kama wewe bado ni mweka hazina wa kikoba cha tawi, kabidhi daftari wiki hii. Kama upo kwenye kundi la WhatsApp ambamo mlikuwa mnamsengenya meneja, aga utoke, maana sasa meneja ni wewe na wanahitaji mahali pa kukusema. Mkopo wa rafiki yako upitishe kwa mwidhinishaji mwingine, hata kama una mamlaka nao. Chakula cha mchana kula nao. Harusi na misiba nenda zote.

Nimeacha tageti mwisho, na sitakaa hapo sana, ingawa naiona inakukaba. Kuna benki kubwa ya Marekani, Wells Fargo, iliyokuwa na lengo la kila mteja kuwa na huduma nane. Wafanyakazi wa matawi walieleza walivyokuwa wakiulizwa mauzo mara kadhaa kwa siku. Gazeti la Los Angeles Times liliandika mwaka 2013. Mwaka 2016 ikathibitika kwamba akaunti nyingi zilifunguliwa bila wateja kujua. Makadirio ya kwanza yalikuwa milioni mbili, mwaka uliofuata yakafika milioni tatu na nusu. Benki ilitozwa dola milioni 185, ikawa imefukuza wafanyakazi wapatao 5,300, mkurugenzi mkuu John Stumpf akaondoka Oktoba mwaka huo. Mwaka 2018 Benki Kuu ya Marekani iliizuia kukuza mali zake, na zuio hilo lilidumu hadi 2025. Waliofukuzwa wengi walikuwa watu wa dirishani na wa madawati, wanaofanana na wako.

Kwetu inakuja kwa sura ya akaunti za mama mzazi, za binamu na za wanakwaya, zilizofunguliwa tarehe 29 zikiwa na sifuri na kufa tarehe mosi. Nawe unazijua, ulikuwa afisa mikopo, umeziona zikipita mezani. Kanda wakikupigia, usiseme haiwezekani. Wape namba mbili kila mara: akaunti zilizofunguliwa, na zile ambazo baada ya siku 90 bado zina fedha inayoingia na kutoka. Itume ya pili hata wasipoiuliza. Miezi michache utaona meneja wa kanda naye ameanza kuuliza hiyo ya pili, kwa sababu hata yeye ana bosi anayeulizwa kuhusu amana. Na tageti isigawanywe kwa makeshia siku za mishahara. Keshia aliyeambiwa amshawishi kila mteja afungue huduma ya simu huku watu mia wanasukumana nyuma yake ndiye anayehesabu vibaya. Shoti zako na tageti zako huenda ni jambo moja, na rejesta itakuambia.

Baada ya ripoti kwenda, itisha kikao saa moja na nusu asubuhi, kabla ya kazi, wote wasimame, pamoja na mlinzi na mfanya usafi. Dakika saba zinatosha. Eleza kanuni ya aliyesema na aliyeficha. Soma makato ya sheria. Onyesha rejesta mpya, iliyo tupu. Na mfano wa kwanza utoke kwako: taja kosa lako moja la miezi minne hii, la kweli, lenye tarehe. Usichague dogo la kujipamba.

Kisha jiandae kwa kitu kimoja ambacho kimewavunja moyo mameneja wengi. Mwezi wa kwanza shoti zitaongezeka. Tawi lililokuwa likionyesha sifuri mwaka mzima litaonyesha sita, nane, labda zaidi, na kanda watakupigia wakiuliza umeharibu nini. Waandikie mapema, sasa hivi, kwenye ripoti hiyohiyo ya kesho: tarajieni shoti zilizoandikwa zitapanda kwa miezi miwili au mitatu, kwa sababu zilizokuwa zikilipwa gizani zitaanza kuonekana. Wakikuuliza, uwe na barua yenye tarehe ya kuwaonyesha.

Niandikie baada ya mishahara ya mwezi huu, uniambie rejesta ina mistari mingapi, na mstari wa kwanza uliandikwa na nani.